B1801 kwenye Hilux: usinunue eabegi bado

Kaka, umeuliza kama ununue eabegi nyingine ya usukani, ule mfuko wa hewa unaomkinga dereva kwenye ajali, kwa kuwa mashine ya kupima hitilafu imesoma B1801 kwenye pikapu yako ya Toyota. Ngoja kwanza. Kodi hiyo, yaani namba ya hitilafu, inasema njia ya umeme ya eabegi ya dereva imekatika. Haisemi ni wapi.

Jaribu honi huku ukizungusha usukani. Ikilia upande mmoja na kunyamaza upande mwingine, shuku klokspringi, ule utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani. Yangu tulipoifungua kwa fundi Kirinyaga Road, Nairobi, utepe ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, ufa mwembamba kama unywele.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90. Na nakusihi, usipime eabegi yenyewe kwa mita. Hata umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua usoni mwako. Badala yake chomoa soketi ya manjano inayoingia kwenye eabegi, uiwekee rezista ya omu 2, kipande kidogo cha umeme kinachoshika nafasi ya eabegi, rudisha betri, futa kodi kwa mashine, washa swichi. Kodi ikipotea, eabegi ndiyo mbovu. Ikibaki, fuata klokspringi na waya hadi kwenye kompyuta ya eabegi.

Klokspringi mpya ifungwe magurudumu yakiwa yamenyooka, nayo ikiwa katikati, la sivyo itakatika ukikunja kona ya kwanza kali.

Fundi akikuambia atoe tu balbu ya taa ya onyo ya eabegi kwenye dashibodi, mkatalie. Taa ikiwaka, eabegi huenda isifunguke siku ya ajali.