Komedi ya wikendi: uliza kwanza kama unataka kucheka

Wasomaji wakiniomba komedi ya wikendi, siku hizi nami huwauliza kwanza: unataka kucheka, au unataka tu kitu kizuri? Hayo mawili yameshaachana njia.

Chukua The Bear, ile tamthilia ya mgahawa wa Chicago iliyoanza 2022. Kwenye Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, hushindana upande wa komedi, na mwaka 2024 ilizoa tuzo 11. Kazi nzuri mno, sikatai. Lakini kile kipindi cha mkesha wa Krismasi, mtu anamrushia mwenzake uma mezani na mama mwenye nyumba anachanganyikiwa jikoni, nilikimaliza nimekaza taya. Hata washereheshaji wa Emmy mwaka huo, Eugene Levy na mwanawe Dan, waliitania jukwaani kwamba haina utani. Itazame, ila si usiku uliotoka kazini umechoka.

Unataka kucheka? Tafuta filamu ya The Naked Gun, ile ya 2025. Dakika 85 tu, imekwisha. Liam Neeson anaropoka upuuzi kwa sauti ile ile nzito aliyowatishia watekaji katika filamu ya Taken. Ujanja huu si mpya: Leslie Nielsen, aliyecheza The Naked Gun ya kwanza, ya 1988, alikuwa mwigizaji wa mambo mazito kwa miaka mingi kabla ya kugeukia vichekesho. Hapo ndipo ninapopimia komedi yoyote. Mhusika asijue kwamba anachekesha. Aamini kabisa analofanya, hata kama ni la kijinga. Mwigizaji akianza kutukonyeza tucheke, nazima. Ni kweli filamu inalegea kuelekea mwisho, lakini kuna kipande cha mtu wa theluji ambacho sikielezi. Kione, tena ukione na wenzako. Komedi ya namna hii ukiitazama peke yako kwenye simu, nusu ya utamu umeitupa.

Tamthilia ya The Studio nayo ina sifa zake: Emmy 13 mwaka 2025, rekodi kwa komedi katika mwaka mmoja. Seth Rogen ni bosi wa studio ya Hollywood anayependa sinema kupita kiasi, na kila anapotia mkono anaharibu. Ukiona kipindi cha kwanza kimejaa mambo ya ndani ya Hollywood, usikate tamaa, nenda cha pili. Bosi anajipeleka kwenye seti siku wanayorekodi tukio refu bila kukata, na kipindi chenyewe kimepigwa kwa mtindo huo huo, kwa hiyo kila anapojikwaa unashika kichwa. Matusi ni mengi. Usiifungue wakwe wakiwa sebuleni.

Wakwe wakiwepo, weka Abbott Elementary. Quinta Brunson ameibuni na anaigiza ndani yake mwalimu wa shule ya msingi huko Philadelphia, shule ya umma isiyo na fedha wala vifaa. Yeyote aliyewahi kushika chaki atawatambua walimu wale, hasa mwalimu mkuu, Ava, anayejua kila kitu isipokuwa kazi yake.