Kaye nyeupe: maswali yenu juu ya maternele, shule ya watoto wadogo

Jambo dada wa gazeti. Mutoto wangu iko na miaka mine, nilimuingiza maternele moja hapa Bukavu mu mwezi wa tisa, minervali tunailipa kwa shida sana. Kila siku namuuliza "leo mulisoma nini" ananijibu paka "tulicheza". Kaye yake iko nyeupe pee. Mutoto wa jirani, miaka ileile, shule ingine, anaandika a e i o u mustari muzima na anahesabu mpaka mia moja kwa kifaransa. Bwana yangu anasema tunatupa franga, kucheza mutoto anaweza kucheza bure mu parseli. Direktrisi naye anasema ni metode mupya, batoto banajifunza kwa kucheza. Ni kweli ao ni bongo tu? Nimutoshe?
*Mama wa Kadutu*

Mama, usimtoshe kwanza. Na baba watoto umwambie swali lake ni la maana kabisa, juu kuna kucheza na kucheza. Kuna shule inafundisha kwa mchezo, na kuna shule inaachilia watoto mu uwanja mpaka saa ya kurudi huku mwalimu amekaa kivulini na simu yake, na zote mbili mtoto akifika nyumbani atakujibu "tulicheza". Sasa hilo jibu lake halitakusaidia kitu, itabidi uende ujionee mwenyewe.

Ukifika pale usiangalie sana watoto, angalia mwalimu. Tuseme wanacheza soko. Watoto wanne wako chini, vizibo vya chupa ndiyo franga, mbegu za avoka ndiyo nyanya. Mmoja anaomba nyanya tano, muuzaji anahesabu mbiombio moja mbili tatu nne tano lakini kidole chake kimegusa mbegu tatu tu. Mwalimu anayejua kazi anasikia hapohapo, anachuchumaa, anamwambia "muuzaji, mteja wako analalamika, muhesabie tena pole pole". Hapo ndiyo hesabu inaingia: kila mbegu neno lake moja, na neno la mwisho ndiyo jumla. Mwalimu ambaye si wa kazi hiyo hata hasikii. Halafu siku moja, kwa upole tu, mama yake asione kama unamfanyia ekzame, mwombe yule mtoto wa jirani akuletee vikombe saba. Pengine atakuletea saba, sisemi hawezi, ila watoto wengi wanaimba namba kama wimbo wa korali, wanajua sauti inapanda wapi na inashuka wapi, basi.

Kuandika nako. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8, na kwa mtoto wa miaka 4 mingine bado ni gegedu tu haijakuwa mfupa. Na vidole vyake navyo bado havijakomaa, njo maana unaona anakamata kreyo na ngumi nzima, anasukuma mpaka karatasi inatoboka, mustari wa tatu amechoka, mwisho wa mwezi amechukia kaye na mwalimu pamoja. Mtoto anayefinyanga udongo, anayetoa maharage mabichi mu maganda na wewe siku ya jumamosi, anayejifungia vifungo vya shati yeye mwenyewe hata kama mnachelewa kanisani, huyo vidole vyake viko vinajiandaa kuandika hata kama hakuna herufi moja kwa kaye. Kusoma na kuandika kwenyewe ni kazi ya klasi ya kwanza na ya pili ya msingi, huku kwetu sheria ya elimu ya 2014 inaweka maternele kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5, na msingi inaanzia 6. Mbio tunazokimbiza watoto wa miaka mine ni sisi wazazi tumezianzisha, na mashule yanatuuzia kile tunachotaka kununua.

Direktrisi kasema metode mpya, hapo nacheka kidogo. Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, alifungua nyumba yake ya watoto wadogo kule Bad Blankenburg mwaka 1837, akaipa jina la kindergarten 1840, na vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mipira ya nyuzi na vipande vya mbao. Maria Montessori yeye alianza 1907 Roma, mtaa wa San Lorenzo, na watoto wa wafanyakazi maskini, kwa hiyo wale wanaosema hii ni elimu ya watoto wa mabosi wanakosea. Na Marekani, mji wa Ypsilanti, tangu 1962 walichukua watoto 123 wa familia maskini, wengine wakapelekwa maternele na wengine hapana, wakawafuatilia mpaka wakafika miaka 40: wale waliosoma maternele walikuwa wanapata mshahara mzuri zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Lakini tusidanganyane, walimu wa pale walikuwa wamesomea kazi, klasi zilikuwa ndogo, na kila wiki mwalimu alikuwa anatembelea mtoto na mama yake nyumbani. Si mchezo peke yake uliofanya kazi.

Kitu kimoja cha pale unaweza kukiiba bure: mtoto anasema kwanza atacheza nini, anacheza, kiisha anaeleza ilikuwaje. Basi ile "mulisoma nini" iache, muulize "leo nani alikuwa muuzaji? alikosea wapi? kesho unataka kufanya nini?" utashangaa vile atakavyoongea. Kiisha nenda kwa mwalimu, muulize mchezo wa leo ulikuwa wa kufundisha nini. Akikujibu bila kutafuta maneno, mwache mtoto. Akikuambia "ni kucheza tu mama", na tangu mwezi wa tisa mtoto hajaleta hata wimbo mupya ao hadithi moja nyumbani, hapo baba watoto ameshinda, mtoshe.

Mimi ni mwalimu wa maternele mu Bagira. Klasi iko na batoto 52, bitu ya kucheza hakuna, tuko na tablo na mabenchi. Nikibachezesha makelele inapanda, direktrisi anakuja kuuliza kama tuko ku marché ya Kadutu. Na inspekteri akikuja atasema sifundishi. Nifanye je?
*Mwalimu*

Pole mwalimu, 52 ni wengi, hakuna metode itakayokufichia hiyo. Ila usichezeshe wote 52 mchezo mmoja wa vitu kwa wakati mmoja, hapo ndiyo makelele inatoka. Sukuma mabenchi ukutani, gawa vikundi vitano sita, kundi moja linakuwa na wewe chini kabisa, mengine yana kazi ambayo wanaijua tayari: kupanga vizibo kwa rangi, udongo, makartoni ya kujenga, bidoni zilizokatwa za kupima mchanga. Kila siku kundi lingine ndilo linakaa na wewe. Kubadilisha nafasi fanya na wimbo uleule kila siku, wiki ya kwanza itakuwa fujo, vumilia.

Vizibo pitisha kwanza kwenye jiwe makali yaishe. Na maharage usiwape wa miaka 3, watayaingiza puani, yanavimba humo ndani na mtaishia hospitali. Wadogo wape mbegu za avoka, haziingii popote.

Kuna na michezo haiombi kitu chochote na wote 52 wanaingia. "Mwalimu anasema": mwalimu anasema gusa pua, wanagusa, ukisema tu "gusa pua" bila "mwalimu anasema" asiguse mtu. Inaonekana ya kuchekesha tu lakini mtoto anajifunza kusikiliza mpaka mwisho na kujizuia, na bila hiyo klasi ya kwanza itamshinda hata kama anajua alfabeti yote. Ingine, kupiga makofi jina: ma-ha-ra-ge, makofi mane, so-ko mawili. Kiswahili kinakatika vizuri sana, na mtoto akishazoea kusikia vipande, siku ya kusoma "ma" na "so" hataona ajabu.

Inspekteri usimuogope. Programu yetu ya maternele yenyewe imepangwa kwa aktivite, siyo kwa dikte. Mu fishi yako ya somo usiandike "mchezo wa soko", andika "mtoto ataweza kuhesabu vitu mpaka 5 kwa kuvigusa", chini yake ndiyo uandike soko. Direktrisi naye umpe ile fishi mbele ya kuanza, siyo kiisha.

Kijana wangu wa miaka 4 anacheza michezo ya namba mu telefone, anajua rangi zote. Si hiyo pia ni kujifunza kwa kucheza? Maternele itamuongezea nini?
*Baba wa Nguba*

Baba, kidogo ni sawa, lakini telefone haimnyang'anyi zamu yake, haigombani naye juu ya kizibo, haimwambii "umenidanganya nyanya moja". OMS, shirika la afya la dunia, mwaka 2019 iliandika kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya ekrani, na mwili wake utembee dakika 180 kwa siku, kukimbia, kuruka, kupanda. Hesabu mwenyewe za kijana wako ni ngapi. Gratwite ya 2019, ile ya kusoma bure, iliingia msingi, maternele bado tunalipa wenyewe, najua. Kama franga haitoshi mwaka huu, tafuta majirani watatu wenye watoto wa rika lake na mama mmoja mwenye subira, asubuhi mbili tatu kwa wiki mu parseli, simu ikae ndani.