Killzone: Mercenary ya PS Vita: cheza kontrakti, onlaini isahau

Watu wananiuliza sana kama kuna gemu ya kushuti ya maana kwenye konsoli ya mkononi, na jibu langu halijabadilika miaka yote, tafuta Killzone: Mercenary ya PS Vita. Ilitoka Septemba 2013, waliitengeneza Guerrilla Cambridge, na mpaka leo nikishika Vita ndo gemu ninayoirudia. Ila uinunue ukijua unanunua nini, maana baadhi ya vitu ilivyosifiwa navyo kipindi kile sa hivi havipo tena.

Tuanze na mikono. PSP, konsoli ya mkononi ya Sony kabla ya Vita, ilikua na kistiki kimoja tu, ukitembea huwezi kulenga kwa uhuru, ndo maana hata Killzone ya PSP, ile Liberation ya 2006, kamera waliiweka juu unawaona watu kwa chini, sio kwa macho ya mwanajeshi mwenyewe. Vita ikaja na stiki mbili, moja unatembea nyingine unalenga, na hapo shuta ya kweli ikawezekana. Mercenary imetumia hiyo nafasi vizuri sana. Vumbi, moshi, mwanga unaopita madirishani, bunduki inavyorudi nyuma ukifyatua, kwa kifaa cha umri ule bado naona ni kazi kubwa mno.

Lakini kilichonishika kabisa ni hela. Unacheza kama Arran Danner, mamluki, anapigania anayemlipa, na kadri stori inavyoenda anajikuta amefanya kazi pande zote mbili za vita, jeshi la ISA na maadui zao Helghast. Sasa hiyo biashara haijaishia kwenye stori, kila unachofanya kina malipo, ukipiga hedshoti, yaani risasi ya kichwa, unaiona hela palepale kwenye skrini, ukimnyemelea mtu kwa nyuma ni malipo mengine, hata ukiokota risasi unapata chochote. Afu hela hiyo unaenda kununua silaha kwa Blackjack, ana makasha yake katikati ya misheni, unabadilisha bunduki, unanunua nguo za kujikinga, unajaza risasi. Kwahiyo hata ukiwa na dakika chache tu za kucheza kuna kitu umeongeza mfukoni, na kwenye konsoli unayoizima muda wowote hilo ni jambo kubwa kuliko grafiksi.

Afu kuna vifaa wanaviita Vanguard. Mantys ni kidroni unakiendesha mwenyewe kinaenda kuwamaliza watu kimyakimya, Porcupine unagusa maadui kwenye kioo makombora yanawafuata, Ghost inakufanya usionekane. Ushauri wangu anza kwa kuweka hela kwenye bunduki yenye sailensa na Ghost kabla hujatamani yale mabunduki mazito, ramani nyingi zina njia za pembeni na za juu ambazo ukikimbia na kelele hutaziona kabisa.

Haya, udhaifu. Kampeni ni fupi, misheni 9, masaa matano sita hivi umemaliza. Danner mwenyewe haongei, kwahiyo usitegemee utaumia naye moyoni, stori ina wazo zuri la askari wa kulipwa anayeona ubaya wa pande zote ila inapita haraka mno. Stiki za Vita ni fupi, kulenga mtu wa mbali kunahitaji mkono mtulivu, ingia settings upunguze sensitiviti kisha uipandishe taratibu mpaka mkono ukubali, usicheze na ile iliyokuja nayo ukaishia kusema gemu ni ngumu. Vita pia haina vitufe vya L2 na R2, kwahiyo vitu vingi vimepelekwa kwenye kioo cha kugusa, na ukimvamia mtu kwa kisu unatelezesha kidole kufuata mshale. Mimi hicho cha kisu sikipendi, katikati ya mapigano kidole kinatoka kwenye stiki, ukichelewa kidogo umeshapigwa na wenzake. Maadui nao kuna wakati wanasimama tu wanakusubiri.

Na lile kubwa, onlaini. Kipindi chake mlikua mnaingia watu 8, wanne kwa wanne, na hela na silaha zilikua zilezile za kampeni, kitu kizuri kweli. Seva zilizimwa Agosti 2022. Ukikuta mtu anaiuza anakusifia maltipleya, jua hiyo haipo.

Ndo maana nasisitiza kontrakti. Ukimaliza misheni inafunguka upya kama kontrakti za aina tatu, Precision (ya kulenga kwa usahihi), Covert (ya kimyakimya) na Demolition (ya kulipua), na kila moja ina masharti yake, unaweza kuambiwa upite kimya uwahoji maofisa wao, au ulipue vitu fulani kwa silaha fulani. Misheni ileile uliyoipita kwa fujo ukiirudia kwa Covert unagundua walivyopanga ramani kwa akili, ngazi, mabomba ya hewa, kona za kujificha. Mtu anayecheza kampeni mara moja akaiweka kabatini ameonja nusu ya gemu, labda hata nusu haijafika.

Kuna pia nyongeza inaitwa Bot Zone, inakuwezesha kupigana na maboti, yaani wapinzani wanaoendeshwa na gemu yenyewe, kwenye ramani za maltipleya bila intaneti, sio sawa na watu halisi ila ni njia ya kuziona zile ramani. Hapa angalia kitu kimoja kabla hujalipa, Vita inasoma kadi ya gemu ya nchi yoyote lakini nyongeza inafuata eneo, kadi ya Ulaya haikubali nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani. Na kama unachukua ya kudownload badala ya kadi, memori kadi ya GB 4 itabanwa mno, anzia GB 16, na hakikisha ni memori kadi ya Vita yenyewe maana zile za kawaida za simu haziingii.