Maji ya kivungulio hayasafishwi na mafunjo pekee

Nina vivungulio (greenhouse) viwili vya nyanya hapa Ruai, Nairobi, miche yote ikiwa kwenye mifuko ya makumbi ya nazi. Kila siku nanyunyiza kama lita 2,000 za maji yenye mbolea, na kama lita 600 huchuruzika chini ya mifuko. Zamani yalikuwa yakienda mtaroni. Siku moja jirani alinipeleka kwenye bwawa analonyweshea ng'ombe wake, limegeuka kijani kwa mwani. Sikuwa na la kumjibu.

Nilikuwa nimesikia kuhusu kinamasi cha Splash kule Lang'ata, kilichojengwa 1994 kusafisha maji taka, nikaamua kutengeneza changu. Nilichimba shimo la mita 3 kwa 8, kina sentimita 60, nikatandika nailoni nzito ya mabwawa, nikajaza kokoto na kupanda mafunjo. Maji hukaa humo takriban siku nane kabla ya kutoka. Hakikisha hayaonekani juu ya kokoto, la sivyo utafuga mbu.

Mafunjo yakastawi hadi yakanipita kimo. Lakini kila nilipochovya kikaratasi cha kupima nitrati, yaani nitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini, rangi yake kwa maji yanayoingia na yanayotoka ilikuwa karibu ileile. Miezi sita! Nilivunjika moyo kabisa.

Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba maji taka yote ni mamoja. Kazi kubwa ya kuondoa nitrati hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye kokoto, mahali pasipo na hewa. Wao huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni ikapanda zake juu. Bakteria hao wanahitaji chakula chenye kaboni. Maji ya choo na jikoni huja nacho. Ya kivungulio yamejaa mbolea, lakini chakula hicho karibu hakimo. Nilikuwa nimewaalika wafanyakazi bila kuwapikia.

Basi nikachimba shimo dogo kabla ya kinamasi na kulijaza vibanzi vya mbao kutoka kwa seremala. Chagua mbao zisizotiwa dawa. Wiki za kwanza maji yalitoka na rangi ya chai, kisha yakatulia, na kikaratasi cha upande wa kutokea kikaanza kupauka, yaani nitrati inapungua. Ukisikia harufu ya yai bovu, jua umezidisha: nitrati imekwisha na bakteria wamehamia kwenye salfati ya mbolea. Punguza vibanzi.

Fosfati, ambayo pia imo kwenye mbolea, ni kisa kingine. Kokoto huishika kwa muda tu, kisha hushiba, kwa hiyo navuna mafunjo na kuyatoa shambani kabisa. Yakiozea humo yanairudisha. Na usioshee bomba la dawa humo hata siku moja, utawaua bakteria.

Maji yanayotoka siyarudishi kwenye nyanya, maana chumvi haiondoki. Nayamwagilia nyasi za nepia kando ya ua, na jirani huja kuwakatia ng'ombe wake.