Jibu: Paki za ganuni na udi kwa SX600, ninunue?

Kakangu, umeuliza kama hizo paki (faili za sauti za ziada za kuongeza kwenye kinanda) za ganuni na udi, vile vyombo vya nyuzi vya taarabu, zafaa kwa kinanda chako cha Yamaha PSR-SX600 manake wapiga taarabu kwenye maharusi. Zafaa, lakini usitoe pesa kabla hujaangalia ukubwa wa paki. SX600 ina nafasi ya kama MB 100 tu, kile kikubwa chake SX900 ndo kinafika GB 1, sasa mtu akikuuzia paki ya MB 300 utaiweka wapi?

Pili uliza kama paki inafungiwa kwenye kinanda kimoja tu. Nyingi muuzaji anataka ile faili ya kitambulisho unayotoa kwenye kinanda na flashi, na ukishauza hicho kinanda paki imekwenda nacho. Mimi hapa Malindi yalinipata, nilibadilisha kinanda wiki moja kabla ya harusi, paki ikakataa kufunguka na muuzaji hapokei simu, iliniuma sana.

Halafu demo sikiliza kwa hedifoni, usidanganyike na ngoma na mwangwi vilivyojazwa nyuma. Tafuta pale ganuni iko peke yake, noti ibonyezwe ishikwe: ganuni ya kweli inalia kisha inafifia, ya ovyo inaanza kujirudiarudia, wawawa, na ukigonga taratibu au kwa nguvu sauti ni ile ile. Hiyo wacha.

Na kabla ya yote jaribu Scale Tune iliyomo humo humo kinandani, ile ya kupandisha au kushusha noti moja moja, shusha Mi na Si senti 50 (nusu ya nusu toni, yaani robo toni) upige rasti, ile makamu ya Kiarabu, kuanzia Do na sauti ulizonazo, wengi wanadhani wakosa sauti kumbe wakosa robo toni.