Simu inatosha kwenda Natron, ila njia ipange ukiwa bado Arusha

Mkuu, umeuliza kama simu peke yake inaweza kukufikisha Ziwa Natron na pikipiki kupitia Engaruka. Inatosha. GPS inasoma setilaiti, haihitaji bando. Kinachohitaji bando ni ramani, kwa hiyo pakua ya Tanzania kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu, kabla hujatoka mjini.

Ila usiiachie programu ikuchagulie njia. Ramani zile huchorwa na watu wa kujitolea, na kale kamstari chembamba kanaweza kuwa njia ya ng'ombe tu. Mimi hufungua picha za setilaiti na kuzikuza kabisa: korongo la mchanga linaonekana jeupe, na alama za matairi zinakuonyesha magari yanavukia wapi. Hapo ndipo naweka alama. Wakati wa masika makorongo hayo hujaa maji ghafla. Niliwahi kukwama ukingoni masaa matatu, hadi mchungaji mmoja wa Kimasai akanionyesha kivuko cha juu zaidi, ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote.

Jaza tangi Mto wa Mbu. Ukifika kwenye vumbi la Lengai, ule mlima wa volkano karibu na Natron, laini kama unga wa sembe, punguza upepo kwenye matairi.