Maswali Yenu: Bobsledi ya Zamani Ilikuwa ya Matajiri Tu?

SWALI: Naomba mnisaidie, hawa watu wa bobsledi wa zamani walikuwa wanapatikanaje? Jamaa yangu anasema walikuwa matajiri tu waliochoka kukaa hotelini. Ni kweli au ananizingua?

JIBU: Hajakuzingua sana. Mchezo huu wa watu kukaa kwenye kigari na kuteremka kwa kasi kwenye njia ya barafu umezaliwa St. Moritz, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1800, hoteli ya Caspar Badrutt imejaa Waingereza wenye hela zao, sasa wakishachoka kukaa ndani wanachukua vigari vya barafu vya kubebea mizigo wanateremka navyo mitaani, wapita njia wanarukia pembeni. Kelele zikawa nyingi mpaka wakatengenezewa njia yao. Klabu ya bobsledi ikaanzishwa 1897, na ile njia ya kwenda Celerina, kijiji cha jirani, iliyofunguliwa 1904 inatumika mpaka leo, kila msimu inajengwa upya kwa theluji na maji.

Olimpiki bobsledi iliingia 1924 kule Chamonix, Waswisi wakabeba dhahabu. Ila utamu wenyewe ni 1928, hapohapo St. Moritz. Timu ya Marekani ilikuwa ya kuokoteza kwelikweli, kuna mwenzao alipatikana kwa tangazo la gazeti Paris, halafu usukani akapewa dogo wa miaka 16, Billy Fiske, mtoto wa mtu wa benki. Wakachukua dhahabu! Mwanaume mwingine wa umri mdogo zaidi yake kushinda dhahabu ya Olimpiki ya baridi hakutokea mpaka 1992.

Mwaka 1932 Olimpiki ikawa Lake Placid, Marekani, Fiske huyohuyo tena, safari hii kabeba Eddie Eagan, bondia mwenye dhahabu ya ngumi ya 1920, na Jay O'Brien, mzee wa karibu miaka 49. Wakashinda. Makocha gani hapo, ni roho ngumu tu.

Anapokosea jamaa yako ni hapo kwenye "tu". Mwaka huohuo bobsledi ya watu wawili walishinda ndugu wawili wenyeji wa Lake Placid, Hubert na Curtis Stevens, na hawa walikuwa mafundi wajanja: kabla ya kushuka wanavipiga moto vile vyuma vya chini kwa tochi ya kuchomelea ili viteleze vizuri, na kipindi hicho ruksa kabisa. Siku hizi joto la vyuma linapimwa kabla hujasukuma, vikizidi umekwisha.